Mnanaha kwenye Fungu la Mchicha

Jumanne

Vidole bado vinanuka mnanaha, ingawa nimenawa kwa sabuni mara mbili.

Mama mkwe alirudi na mboga kutoka shamba la maharage, akaanza kuzikatakata. Mimi nilikuwa namenya viazi. Harufu ndiyo iliyonishtua, nikalichambua fungu lote upya. Mchicha una jani lenye ukingo laini, na maua yake ni vichembe vya kijani vilivyobanana kwenye shuke. Mashina mengine yalikuwa na majani yenye meno, na shina moja lilikuwa bado na ua lake jeupe, refu kama tarumbeta. Hata mtoto angeona.

"Mama, huu si mnanaha?"

"Mchicha huo," akasema, akaendelea kukata.

Yeye ndiye aliyenifundisha mboga zote nilipoolewa hapa. Ndiye aliyenionya kwamba mnanaha humtia mtu wazimu kabla ya kumuua.

Nilizimwaga mboga zote. Tumekula viazi na maharage, hakuna aliyedhurika, namshukuru Mungu. Mume wangu anasema ni macho tu, atampeleka mama yake hospitali ya Bumbuli akapimwe. Nilitaka sana iwe macho.

Lakini jioni nilipompelekea mama mkwe chai alinitazama kwa muda mrefu, kisha akapiga goti kidogo, kama binti mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo," akaniambia.

Nilimshika tu mkono, naye akaniomba, kwa adabu kabisa, nimruhusu arudi kwao kabla giza halijaingia.