Makofi Uliyompa Edson

Kalangalala,
Geita.
20 Oktoba 2025

Mpendwa Dada Mariana,

Shikamoo. Na mwangaluka pia, usije ukasahau salamu za kwenu kwa sababu ya kukaa kisiwani. Hujambo wewe, hajambo shemeji? Na yule mpwa wangu nasikia ameanza kutambaa, meno yameshatoka mangapi? Natumaini zahanati haikuchoshi, na watu wa Mafia wameshamzoea mwuguzi anayeulizia michembe ya viazi vitamu kwa wauza samaki.

Sisi huku wazima. Baba goti linamsumbua kila mvua ikikaribia, Mama yuko shamba, na Kaka Makoye bado anashuka duarani kutafuta dhahabu, ingawa hadi leo anachorudi nacho ni vumbi kichwani. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo na nimezidi kupendeza. Wasichana wa chuo wanaweza kutoa ushahidi, ila bado hawajaitwa.

Sasa tuje kwenye kesi yako, dada.

Tarehe saba Agosti, asubuhi, kwenye grupu la ukoo, ulimwandikia binamu yetu Edson: "Hongera mdogo wangu, umetutoa kimasomaso." Ukamwekea makofi kumi na mawili. Niliyahesabu. Ndiyo maana nimeshika kalamu na barua hii anakuletea Mama Dorah, jirani yetu anayekuja huko, mkononi. Kwenye simu ungenijibu kwa kidole gumba ukaendelea na wagonjwa wako. Karatasi utaisoma mpaka chini.

Unajua mimi shule ilinikimbiza. Kidato cha nne nilipata divisheni foo, na wewe ndiye uliyesema nisilie, kuna vyuo vya ufundi. Basi niko mwaka wa pili, umeme. Chumba tunakaa wanne, na mpishi wetu ni Benjamini, ambaye ugali wake ukimwangukia mtu mguuni anaenda hospitali. Darasani sishiki namba moja. Lakini redio ikifa, feni ikifa, hata pasi ya mwalimu ikifa, wanajua mlango wa kugonga.

Kabla ya likizo ndefu, Madamu Rebeka, anayetufundisha kompyuta, alituambia tusiende kulala nyumbani. Alisema kuna programu huria, yaani watu wa nchi mbalimbali wanatengeneza programu moja kwa pamoja, wazi, mtu yeyote anaisoma, anaichukua, anarekebisha palipo na kasoro. Hakuna malipo. Masharti ni mawili tu. Rekebisho lako lazima lisomwe na mwenzako kabla halijaingia, na jina la aliyefanya kazi halifutwi.

Nikaingia kwa ile laptopu yako ya zamani yenye herufi mbili zilizong'oka. Nikakuta kundi linalotengeneza programu ya kupima maji kwenye matangi. Msimamizi wake ni mama mmoja wa Bolivia, anaitwa Inesi. Dada, yule mama alinirudishia kazi mara tisa. Mara ya kwanza nilidhani hapendi watu wa Geita. Mara ya tano nikajua hapendi uvivu. Ya kumi akaipokea, na leo jina langu linajulikana Bolivia, wakati hapa nyumbani Baba bado ananiita "huyu wa redio".

Nikawaza, inayopima tangi itapima duara. Unakumbuka masika ya mwaka juzi, maji ya duara la zamani yalivyopasua ukuta yakamkuta Makoye chini, akatoka kwa kamba bila viatu? Nikatengeneza kiboksi. Waya unashuka chini, maji yakianza kupanda honi ya bodaboda inalia juu, na kioo kidogo kinaandika yamepanda kiasi gani. Kina laini ya simu, kwa hiyo nikirekebisha programu, chenyewe kinajichukulia mpya kutoka kwangu. Nikakifunga kwa Makoye. Wachimbaji walicheka ile honi siku moja tu. Siku ya pili waliomba nyingine.

Hapo ndipo Edson alipokuja likizo kutoka chuo kikuu. Alilala kitandani kwangu na michembe yangu akaila, kisha akasema, "Hebu nionyeshe hicho kidude chako, fundi redio." Mimi na mdomo wangu nikamwonyesha kila kitu, mpaka mahali ninapoiweka programu.

Wiki tatu baadaye akatokea kwenye maonyesho ya vijana wabunifu Shinyanga, amevaa tai, ameshika kiboksi kama changu. Hata waya mwekundu alikuwa ameuweka palepale. Kwenye programu alifuta jina langu akaandika lake. Picha ikaruka kwenye grupu. Baba yako akaahidi kumchinjia mbuzi. Wewe ukapiga makofi.

Nilikwenda Shinyanga kwa Shangazi Lusia, mama yake Edson, na baba yako alikuwepo. Nikashtaki. Unajua walichofanya? Walicheka.

"Ninyi ni mabinamu," Shangazi akasema. "Mtani wako akibeba kuku wako, unanuna?"

"Shangazi, hii si kuku."

"Hata ng'ombe. Watani hawashtakiani. Ukimkasirikia unatozwa wewe."

Na Edson kakaa pale anakunywa chai. "Nenda kashtaki Bolivia," akaniambia.

Dada, niliinuka nikawaachia chai yao. Nilipanda gari kurudi Geita nikiwa nimeuma meno mpaka taya likauma.

Lakini Mungu hamtupi fundi redio. Edson alifuta jina langu juu ya programu, chini hakusoma. Hakubadilisha mahali kiboksi kinapochukulia programu mpya. Kiboksi chake kilikuwa bado kinakuja kunyonya kwangu kila Jumapili, kama ndama. Nilipogundua nilicheka peke yangu hadi Benjamini akaniuliza kama nina homa.

Fainali ya maonyesho yale ilikuwa tarehe kumi na tatu Septemba, mbele ya majaji na wageni. Nikaandika mtego wa kiboksi chenye jina la Edson tu, cha Makoye kisiguswe. Wakimwaga maji mbele ya watu, honi ikae kimya. Itulie, imwache na tai yake. Ilikuwa mistari minne tu, na sijawahi kuandika kitu kwa raha namna ile. Nikautuma kwenye kundi, maana programu ya kiboksi nayo inakaa humo na lazima isomwe kwanza, nikamwomba Mama Inesi auharakishe.

Akajibu kwa mstari mmoja: "Hiki kitanyamaza wakati maji yanapanda. Nani yuko chini?"

Nikamjibu hakuna mtu, ni maonyesho tu, pipa la maji. Halafu nikafikiri nihakikishe. Nikampigia Makoye. Akasema, "Hujui? Edson alitaka picha za kuwaonyesha majaji, kafunga kingine kama kile kwenye duara la Mzee Mageni. Watu kumi na mmoja wanakitegemea kile."

Kumi na mmoja, na mmoja wao ni Adamu mwenzangu, wajina wangu, tuliyekuwa tunaibiana penseli darasa la tatu. Niliufuta mtego mstari kwa mstari. Mama Inesi hakunigombeza. Aliandika tu, "Asante," na hiyo ilinichoma kuliko fimbo.

Usidhani nilimsamehe Edson, dada. Sikuandika barua ndefu hivi kukuambia nilimsamehe.

Nilirudi kwenye sheria ya Shangazi. Kama ni utani, basi uwe utani. Honi niliiacha ilie vizuri, tena kwa sauti zaidi. Nilichoongeza ni maneno kwenye kioo, na safari hii Mama Inesi aliyapitisha bila swali, akaweka na alama ya kucheka.

Siku ya fainali nikaenda Shinyanga na shati la Benjamini, nikakaa nyuma. Shangazi Lusia alikuwa mbele kabisa na kitenge kipya. Edson kaunganisha kioo na projekta ili ukumbi mzima uone. Maji yakamwagwa kwenye pipa, honi ikalia, watu wakashangilia. Kisha maneno yakaanza kupita ukutani, makubwa kama mlango:

"Kazi hii ni ya Adam wa Kalangalala. Edson ni mtani wangu, kaichukua bila kuomba. Mwulizeni waya mwekundu kazi yake nini."

Jaji mmoja, mama mwenye miwani, akayasoma kwa sauti taratibu kama anasoma tangazo la kanisani. Kisha akamgeukia. "Haya kijana, waya mwekundu kazi yake nini?"

Ungemwona binamu yako. Alieleza dakika mbili nzima. Mara unasawazisha umeme, mara unazuia radi, mara ni teknolojia aliyoifanyia utafiti wa miezi sita. Mama wa miwani anaandika tu.

Nikasimama kule nyuma. "Samahani mheshimiwa. Huo unafunga kifuniko. Skrubu ilinipotea."

Akauvuta. Kifuniko kikadondoka mezani. Ukumbi ulicheka mpaka walinzi wakachungulia.

Edson alishuka amenuna, midomo iko mbele. Nikamwendea, nikampiga begani mbele ya mama yake. "Cheka, mtani. Ukinuna unatozwa." Shangazi Lusia alinitazama, akamtazama mwanawe, na sheria ilikuwa yake mwenyewe. "Cheka, Edson," akasema. Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kama mtu anatolewa jino, lakini nilikipokea.

Zawadi walimnyima. Mimi nami sikupewa, kwa sababu sikujiandikisha. Sijali, au najali kidogo.

Jumanne iliyopita, mvua ya kwanza ya nguvu, honi ililia duarani kwa Mzee Mageni. Walipanda wote kumi na mmoja, na wa mwisho maji yalikuwa magotini. Mzee Mageni hajui kusoma. Alimwita mjukuu wake amsomee kioo kinasema nini, naye akamsomea jina langu. Sikiliza hilo, dada. Limesomwa pale, mbele ya watu waliolowa.

Mzee akanitumia jogoo mwekundu. Akampa Edson aniletee, maana alikuwa amekwenda pale kuomba radhi. Jogoo hakufika. Edson alimla na wenzake, kisha akanipigia simu: "Mtani, una neno?"

Nilicheka, dada. Ningefanyaje.

Ila tangu mwezi huu Mama Inesi amenipandisha, na mimi sasa nasoma kazi za wengine kabla hazijaingia. Na Edson, ili chuo chake kimwamini tena, ameambiwa afanye kazi ya wazi kwenye kundi hilohilo kwa jina lake halali. Ameshaituma. Ninayo hapa mezani. Nimeisoma mara mbili na ni nzuri, inakosa alama moja tu ndogo mstari wa arobaini. Nitamrudishia Ijumaa. Akiirekebisha, nitaisoma upya kwa makini sana, kuanzia mwanzo. Nina mpango wa kufika mara tisa.

Wewe adhabu yako ni nyepesi. Ingia kwenye grupu, mahali palepale, uandike jina langu lote na makofi. Pungufu ya ishirini na manne sipokei.

Nisalimie sana shemeji, na umbusu mpwa wangu kila jino lililotoka. Baba, Mama, Makoye na Benjamini mpishi wanakusalimu. Shangazi Lusia pia anakusalimu, anasema yeye hakuwa upande wowote. Mwenyezi Mungu akulinde na bahari hiyo inayokuzunguka, na kila unayemshika mkono hapo zahanati apone.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata siku uliyompigia makofi mwingine,

Adam