Miche Niliyoianika Bungoma

Kitale,
Jumanne, saa saba mchana.

Kwako mama yangu mpendwa,

Emmy ametoka kung'ata kifuniko cha kalamu hii sasa hivi, na nilipomnyang'anya akanicheka na meno yake manne kama mtu aliyeshinda kesi. Ukiona mwandiko umepinda hapa na pale, ni yeye ananivuta mkono. Mama, nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini hujambo na lile goti limepunguza kuuma. Baba naye, kifua kinaendeleaje? Sisi huku tuko salama, ni baridi ya asubuhi tu inatusumbua.

Utashangaa kwa nini naandika na simu iko. Nimekupigia mara tatu nikiwa na neno, na kila mara ukianza kuuliza kama mtoto anakula vizuri, neno linarudi tumboni.

Sasa nina miezi minne kwenye kitalu cha Mukami. Namwagilia miche, natoa magugu, na Emmy analala karibu nami chini ya neti ya kivuli. Mukami ni mkali lakini anafundisha. Wiki iliyopita alifunga tawi la avokado na karatasi ya nailoni, ile unaona ndani, akatuambia twende chai. Tuliporudi tulikuta ndani kuna matone kama kwenye mfuniko wa sufuria. Nikamwambia si mvua haijanyesha. Akanicheka, akauliza kwani nilidhani maji tunayomwaga kila siku huenda wapi. Alisema jani lina vitundu vidogo hata jicho haliwezi kuona, na maji yakishanywewa na mizizi hutokea hapo yakaenda hewani. Ni kama nguo kwenye kamba. Siku ya jua na upepo zinakauka mara moja, siku ya ukungu unaanua zikiwa bado mbichi. Sasa mche ukitolewa kivulini ukapelekwa penye joto na upepo, majani yanapoteza maji kuliko mizizi inavyoweza kuvuta, hata kama udongo kwenye mfuko umelowa chepechepe.

Mama, aliposema hivyo kopo lilinimwagikia miguuni.

Unakumbuka ile miche sitini ya matunda damu ya kikundi chenu, uliyoniambia nije nayo mwezi wa tatu. Mzee aliyeniuzia hapa Kitale alizifunika kreti zote mbili kwa gunia bichi, akaniambia nisisimame njiani. Kufika Bungoma nikaona jua bado liko juu, nikaingia kusukwa. Nilikuwa sijakanyaga nyumbani tangu nimzae Emmy bila bwana, na sikutaka wamama wa kwetu Myanga waseme ati Kitale imenimaliza. Gunia lilikuwa linadondosha maji mlangoni, mwenye saluni akalalamika, nikalitoa. Kreti zikakaa nje kwenye lile jua na upepo wa barabarani kutoka saa tano mpaka saa nane. Nilichungulia mara moja nikaona majani yameinama. Nikagusa udongo, ulikuwa na maji. Nikarudi kukaa.

Nilipotoka yale majani mapana yalikuwa yamelala kama masikio ya mbwa. Nikamwambia mtu wa bodaboda asimame mtoni kabla ya kufika, nikainyunyizia miche maji. Jioni kukapoa, ikasimama kidogo. Wewe ukaipokea, ukaniombea mbele ya wote, ukasifu hata nywele. Kesho yake mkapanda. Siku ya sita hakukuwa na hata mmoja mzima.

Nilikuwa hapo kwenye mkeka nikinyonyesha, Mama Mukhwana aliposema mkono wako ni wa kukaanga omena, si wa kupanda. Wote wakacheka, na wewe ukacheka nao. Mimi nikaangalia chini, nikajifanya namfunga mtoto nepi. Wakakunyang'anya kitalu cha kikundi ulichokilea miaka saba, wakampa yeye. Na ningenyamaza mpaka leo, Mungu anajua. Lakini juzi mdogo wangu Nakhumicha alinipigia akaniambia hata maharagwe yako sasa unamwita yeye Nakhumicha akutilie shimoni, ati wewe usiyaguse yasije yakafa.

Mama, mkono wako hauna kitu. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeua ile miche kwa sababu ya nywele, halafu nikakuacha uaibike badala yangu.

Barua hii wasomee wamama Alhamisi kikundi kikikutana, yote, hata hapo kwa nywele. Wakinicheka ni haki yangu. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja mwenyewe nisimame mbele yao, niseme kwa mdomo wangu. Nisalimie Baba na Nakhumicha, na umwambie Kukhu kitukuu chake sasa kinasimama kikishika ukuta.

Mukami ananiita kwa nguvu, gari la miche limefika na turubai bado halijafungwa. Mama, nakuomba jambo moja tu. Kabla hujawasomea, kabla hujamwambia hata Baba, chukua yale maharagwe yaliyobaki uingie shambani, uyashike wewe mwenyewe na uyatie shimoni kwa mkono wako.

Ni mimi, mwanao.