Icyansi cha Mama Keza kilichogoma kila mchana

Alhamisi. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi, na mimi nina furaha ya kijeuri. Mashine yangu haikuwa na kosa. Nilijua.

Siku tatu nimebishana na kifaa cha kuzungushia, yale magurudumu unayolazia kikombe kizunguke polepole huku leza ikichoma jina. Vikombe vya chuma na termosi za harusi nimechonga mpaka nimepoteza hesabu. Lakini Jumatatu Mama Keza alishuka kutoka Mudende na magunia yake ya viazi, akaniletea icyansi, chombo cha mti cha maziwa, alichokichonga marehemu mumewe. Anataka jina la mzee, KAREMERA, likae tumboni pa chombo. Jumamosi binti yao Keza anaolewa, na humo ndimo atakamonyweshwa maziwa.

Chombo ni kimoja, na aliyekichonga hayupo. Nikikiharibu, hakuna duka la kukimbilia.

Kwa hiyo nilibandika selotepu ya karatasi tumboni, nikajaribu jina juu yake kwa moto mdogo. Asubuhi likatoka safi, ila herufi mbili zilibanana kidogo, nikazipuuza. Mchana herufi zikarundikana kama foleni ya mpakani pale Grande Barrière. Nikakaza mkanda wa mota. Nikabadilisha waya. Nikapima upya unene wa chombo kwa uzi, nikaingiza namba mpya kwenye kompyuta. Jumanne hivyo hivyo, asubuhi malaika, mchana shetani. Jana nilimtukana aliyetengeneza mashine, pamoja na ukoo wake. Astaghfirullah.

Lakini mashine mbovu haichagui saa. Hilo lilinikaa kichwani.

Mama Keza akitoka sokoni hupita kukiona chombo chake, na mimi humwacha kwenye kiti nikaenda kusali adhuhuri. Leo nilirudi ghafla kuchukua mtandio. Nikamkuta amekipakata icyansi, anakipaka siagi ya ng'ombe kwa kiganja.

"Mama, unafanya nini?"

"Mwana wangu, iko inakauka hapa kwako. Ikikauka, itapasuka. Mi naipakaa kidogo tu, kila siku."

Kidogo tu! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Asubuhi siagi ilikuwa imeshanywewa na mti, mchana ilikuwa mbichi na chombo kinateleza juu ya magurudumu. Lakini nani atamkataza? Kwao icyansi hakiachwi kikavu, na ana haki. Nilimwomba asipapake tu pale magurudumu yanapogusa. Nikapafuta, nikayavisha magurudumu vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, nikajaribu mara nne. Hakikuteleza tena.

Kosa moja likabaki. M na E inayoifuata zilibanana, palepale, mara zote nne. Kitu kinachoteleza hukosea popote, hiki kilikosea mahali pamoja. Nikapapasa kwa kidole nikakuta ubavu mmoja wa chombo ni bapa. Dawa yake rahisi, nikigeuze, jina likae upande mwingine. Nikamweleza Mama Keza kwa majivuno yangu yote.

Akaweka dole gumba hapo penye ubapa.

"Hapa ndiyo alikuwa anachonga siku walikuja kumuita, Keza anazaliwa. Shoka ikakata sana. Akakataa kuirekebisha. Bon, jina uiweke hapa hapa."

"Herufi zitabanana, Mama."

"Zibanane."

Nakiri, iliniuma. Hii ni kazi yangu, watu wataiona. Na ningeweza kuzitanua herufi hizo mbili kwenye kompyuta kwa dakika moja, asijue. Nilifikiria kufanya hivyo, na nikaona aibu.

Nikabandua karatasi, nikabonyeza. Chumba kikajaa moshi wa mti na siagi. Mama Keza hakungoja kipoe, akalipapasa jina herufi moja moja. Alipofika pale kwenye ubapa alilia, na mimi nikalia naye.

Jumamosi wageni watakipokea icyansi kwa mikono miwili, watakisogeza karibu na macho, na watasema yule fundi wa leza hajui kazi.

Waseme.