Saa Arobaini za Kusikiliza

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi yameanza. Saa arobaini za kuwasikiliza wanafunzi ana kwa ana, ndipo nipate cheti cha uzamili na niitwe mnasihi wa shule. Nimefundisha hesabu hapa miaka kumi na sita — saa arobaini ni kitu gani! Chuo kimemleta na mwenzangu wa kozi, mgeni shuleni. Nimempachika jina: Kicheko. Anacheka hata na kabati. Tumegawana stoo ya ramani, ukuta wa mbao katikati. Kiti kibovu nimempa yeye. Sijuti.

Alhamisi, 6 Machi
Kicheko: wanafunzi saba. Mimi: mmoja, na alikuja kuuliza kama adhabu ya juzi bado ipo.

Jumanne, 11 Machi
Msimamizi wa chuo kaja kututazama. Kwangu alinung'unika kwamba namsahihisha mtoto badala ya kumsikiliza. Kwa Kicheko alitoka uso umemchanua, eti yule dada ana sikio. Sikio! Mimi ninayo mawili.

Ijumaa, 14 Machi
Nimesikia kikohozi ng'ambo ya mbao. Kikohozi kile nakijua tangu kina miezi miwili. Binti yangu!

Mimi nikimuuliza shule vipi, jibu ni "kawaida". Miaka miwili ya "kawaida". Kwa Kicheko kakaa dakika hamsini. Kacheka mara mbili, kalia mara moja. Nilibandika sikio ukutani, mtu mzima na heshima zangu, nisipate neno hata moja.

Jumamosi, 15 Machi
Baba yake anasema nimwache, mradi anaongea na mtu. Na mtu! Nimesugua sufuria ileile mara tatu.

Jumatatu, 17 Machi
Nimeshindwa kuvumilia. Nimemfuata Kicheko.
"Mwanangu anakwambia nini?"
Kwa mara ya kwanza hakucheka. "Dada, siwezi."
"Mimi ni mama yake."
"Najua. Angekuwa hatarini ningekuja kwako mwenyewe, mbio. Hayuko hatarini. Mpe muda tu."
Nimpe muda! Mtu wa wiki mbili ananifundisha mwanangu. Nimeondoka bila kuaga. Ni wivu, ndiyo. Nauandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuusema.

Jumatano, 19 Machi
Kicheko kaitwa ofisini kwa mkuu. Droo yake — wazi.
Nimesoma.

Faili la kurasa mbili, mwandiko mzuri kama wa kadi ya harusi. Binti yangu hana rafiki hata mmoja shuleni. Wenzake hunyamaza akikaribia, wanadhani kila kitu atanipelekea mimi. Chakula cha mchana hula chooni. Anataka kuhama shule, na anaogopa kunivunja moyo.

Nimelirudisha faili kama lilivyokuwa. Kozi nzima tumeambiwa: anayesoma faili la mteja wa mwenzake, safari yake imeishia hapo.

Alhamisi, 20 Machi
Kicheko kanisalimia vizuri tu. Hajui. Kanipa wanafunzi wake wawili nifikishe saa zangu. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 22 Machi
Asubuhi hii binti yangu kaniita sebuleni, baba yake katoka. Kakaa wima, kanishika mkono.
"Mama, kuna jambo nataka kukwambia. Mwalimu wa ushauri kanisaidia kupanga maneno, lakini nilitaka ulisikie kwangu mwenyewe."

Kwake mwenyewe! Siku zote hizi Kicheko alikuwa anamleta kwangu.

Kasema yote. Marafiki, chooni, kuhama. Sikumkatiza hata mara moja. Nilitikisa kichwa pale palipostahili, nadhani. Alipomaliza alinitazama sana.
"Mama, mbona hushtuki?"

Nimesema naenda kuzima jiko. Jikoni hakuna kilichobandikwa. Niko chumbani, naandika haya nimesimama. Ananiita. Ananiita tena — sasa anakuja.