Mashine Iliyojaribiwa Siku ya Dua

Mjukuu na mume wangu Hamisi,

Shikamoo yako imefika Tongoni. Nimeiitikia marahaba kwa sauti mpaka paka kashtuka. Sote wazima; mama yako anafuga bata siku hizi, wananichosha kuliko ulivyonichosha wewe.

Unauliza boti yako uifunge mashine ya nguvu za farasi kumi na tano au arobaini. Baba yangu alifunga arobaini kwenye boti ndogo kama hiyo. Siku ya dua ya kuizindua wazee walipanda wakajaa mpaka mbele, akawazungusha, ikaenda vizuri mno. Kesho yake akatoka kuvua na mdogo wake, wawili tu, wote wamekaa nyuma. Alipoongeza moto, pua ya boti ikainuka, maji yakaingia kwa nyuma. Walirudi wakiogelea, alhamdulillahi.

Basi ijaribu na hao utakaovua nao, na nyavu zenu. Sisi wazee tuite kwenye ubwabwa tu.

Baba baadaye alifunga ya kumi na tano. Vijana waliicheka inavyojikongoja. Mama hakucheka. Akiusikia mlio wake kwa mbali aliinjika chai, na kila siku baba aliikuta ya moto.

Bibi yako,
Mwanaidi