Siku Bibi Alipokwenda Kumlilia Khalfan

Mjini Samad, Ijumaa, Novemba 2007

Kumekucha vumbi tupu, milima haionekani. Nyumbani kimya.

Miezi saba sasa tangu Khalfan, mtoto wa Ami Said, afe kwa ajali ya gari kwenye njia ya kwenda mji wa Bidiya. Gari aliliendesha kaka yangu Hilal. Ami na Baba ni ndugu wa tumbo moja, nyumba zimepakana ukuta, na hawasemi. Wanaume wa ukoo wamekaa majlis, chumba cha wageni, mara mbili kuwapatanisha, wakatoka kama walivyoingia. Bibi, mama yao, hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi nilikuwa nasoma somo la chuo, habari za Wairokwoi, wenyeji wa Amerika. Bibi anachambua mchele, akataka nimhadithie.

Nikamwambia walikuwa mataifa matano, wakiuana kwa visasi. Mtu mmoja alifiwa na binti zake, akaingia msituni na huzuni yake. Akaja mpatanishi, akamfuta machozi kwa maneno, na wawili hao wakaenda taifa kwa taifa mpaka silaha zikazikwa chini ya msonobari. Baraza lao halikupitisha jambo mpaka wote waridhike. Na wakuu walichaguliwa na kina mama wa koo. Mkuu akikaidi, wanamuonya, kisha wanamvua ukuu.

"Wakisikilizwa?"

"Wakisikilizwa, Bibi."

Akaweka ungo chini. "Nishike mkono."

Tukaenda nyumba ya pili, kwa Ami, akafungua mlango mwenyewe. Nikasema shikamoo, hakuitikia.

"Said, sikuja kumuombea mtu msamaha," Bibi akasema. "Nimekuja kumlilia mjukuu wangu. Sijamlilia bado. Nilikuwa nikiwatuliza nyinyi."

Akamfuta macho kwa ncha ya leso yake. Ami, mtu mzima na ndevu zake nyeupe, akalia kwa sauti. Nikatazama chini.

Baadaye akasema, "Njoo kila siku, Mama. Lakini Hilal nisimuone."

Nilitaraji zaidi.

Bibi alimpa Hilal maneno yale kama yalivyo, hakuyapunguza.

"Ana haki," Hilal akajibu. "Nilikwenda mbio."

Hakusema kwa nini. Hajamwambia mtu hata mmoja kwamba siku ile mimi ndiye niliyempigia simu, mara tatu, nikimhimiza awahi chakula. Miezi saba amebeba peke yake, nami nimemwacha abebe.

Kesho Bibi anataka nimpeleke tena. Safari hii nitakaa mbele ya Ami na nitasema.