Ndama Asiye na Jina

Newcastle, Uingereza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hali yako, mama? Safari hii nauliza kweli, na ninataka jibu la kweli. Goti limepoa, au bado unapanda kwenda kanisani ukijishikilia ua wa watu? Mvua imeshuka huko Akheri? Kahawa imechanua? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kidogo, kazini naenda.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu simu anaishika Elia, na nikimsikia mdogo wangu anapumua karibu yako maneno yote yananikauka. Barua hii anaileta dada mmoja wa Usa River ninayefanya naye kazi, anakuja likizo. Mpe loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, ameitamani sana. Akishaondoka, kaa jikoni uisome peke yako kwanza.

Huku baridi imeanza. Wazee ninaowatunza wanashinda na blanketi hadi kidevuni. Kuna bibi mmoja ambaye kila asubuhi nikimvalisha soksi ananiuliza kwetu kuna mlima gani. Namwambia Meru. Anasema hajawahi kuusikia, na kesho yake anauliza tena. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi namshukuru, maana ananifanya niutaje kila siku.

Unakumbuka masharti ya huku: nifaulu mtihani wa Kiingereza ndipo niandikishwe muuguzi kamili, badala ya kuvalisha watu soksi huku cheti changu kimelala begini. Mara ya kwanza nilifeli. Kiingereza chetu cha shule hakikutosha. Wanataka maneno makubwa, yale ambayo hata wenyeji hawayatumii wakienda kununua mkate. Nikaanza kuyaandika kwenye vikaratasi na kuvibandika juu ya sinki, mlangoni, hata kwenye kabati la unga.

Na Baba akayafanya ya kwake. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapiga: "Haya mwalimu, neno la wiki." Nikimpa na kumweleza maana, analirudia mpaka limkae mdomoni, halafu huyo, zizini. Ndiyo maana una ng'ombe anayeitwa Resilient, kwa sababu alinunuliwa wiki niliyojifunza neno la mtu anayeangushwa na kusimama tena. Ukapata na Reluctant, yaani asiyetaka, na kweli mpaka leo hataki kukamuliwa bila kuimbiwa. Wewe ulikataa katakata, ukasema ng'ombe haitwi jina kama dawa ya hospitali, ukamwita Rilu. Nilimsikia Baba akicheka nyuma yako mpaka akakohoa. Kikohozi kile sikukitilia maanani, mimi muuguzi.

Halafu Jumapili moja akapiga Elia. Akasema mafua yamemkausha Baba sauti, neno nimpe yeye atalifikisha. Nikampa. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Nikamwambia mafua gani haya yasiyoisha, mpelekeni hospitali. "Tumeshampeleka, dada," akasema. "Wewe soma."

Siku moja neno lilikuwa bereaved. Elia akaniuliza maana yake, nikamwambia ni mtu aliyefiwa. Nilidhani mtandao umekatika, nikawa naita halo, halo. Akarudi na sauti nyingine kabisa. "Hili gumu, dada. Toa jingine." Nikamtania kwamba kidato cha nne alipita kwa neema ya Mungu tu. Nikampa jingine.

Kwenye mtihani, mama, yule mtahini aliniambia nimweleze mtu aliyenifundisha jambo kubwa maishani. Sikufikiri hata kidogo. Nilimwaga maneno yangu yote kwa Baba. Nikaeleza anavyoamka kabla ya jogoo, anavyowasemesha ng'ombe Kiingereza, na Mzee Anaeli wa baraza la wazee anavyomwonya kwamba ipo siku watakataa majani wadai mkate wa siagi. Mtahini alicheka. Nilitoka pale nikijua nimefaulu. Kumbe huyo niliyekuwa namsifia alikuwa ameshalala migombani, na maua juu yake yameshanyauka.

Matokeo yalipotoka nilipiga simu kwa vigelegele. Ukapokea wewe, ambaye simu hupokei. Ukasema, "Hongera, mwanangu. Uko na mtu hapo? Kaa chini."

Mama, desturi hii naijua. Bibi alipozikwa, mtoto wa shangazi alikuwa kwenye mtihani wa kidato cha sita, na ukoo mzima ulifunga mdomo mpaka akamaliza. Tulisema ni busara, na mimi nilisema hivyo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nimekasirika mpaka nimechoka. Unasema Baba mwenyewe ndiye aliyewaapisha, maana alijua ningeacha mtihani nipande ndege. Nakubali, maneno hayo ni ya Baba kabisa. Lakini kila mtoto wake alitupa udongo kaburini, hata wajukuu, na mimi siku hiyo nilikuwa napiga pasi sare ya kazi huku nakariri. Sikuutupa udongo wangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nikamuuliza Elia yale maneno niliyokuwa nampa yalikwenda wapi. Akasema nikuulize wewe. Ukanijibu kwa sauti ndogo kwamba kila Jumapili Elia alikufundisha kulitamka neno la wiki, ukalipeleka migombani, ukamwambia Baba, kwa sababu uliona vibaya kumnyima neno lake. Wewe uliyeshindwa na Reluctant. Sijui nikushukuru au nikulaumu, mama. Nafanya yote mawili.

Elia anasema Resilient amezaa ndama jike na hakuna aliyethubutu kumpa jina, wanamwita Ndama tu. Mwacheni hivyo hivyo mpaka nije.

Sasa nina ombi moja. Sisi tukiulizwa hali, kwanza ni "hatujambo", hata kama paa linaungua, halafu ndipo inakuja "ila". Mimi nilipewa "hatujambo", ile "ila" ikafichwa. Tangu hapo "hatujambo" yako siiamini, mama, na inaniuma, kwa sababu huku mbali ndiyo pekee niliyo nayo. Nijibu kwa mkono wako. Goti likiuma, andika linauma. Likiwa ni jambo kubwa kuliko goti, andika, hata iwe asubuhi ya mtihani mwingine. Afadhali nifeli.

Nisalimie shangazi, umwambie shali yake naivaa mpaka kazini. Mzee Anaeli mpe pole, amepoteza mtu wa kubishana naye. Elia mwambie simchukii, aliubeba mzigo mkubwa kuliko umri wake, ila asinipigie Jumapili kwa sasa, nikisikia simu ikilia saa ile bado naandaa neno.

Kwa Baba usipeleke neno tena. La kwangu lililobaki nitalileta mwenyewe, pamoja na udongo.

Ni mimi binti yako anayekupenda na kukukasirikia,

Naomi